UZI: Nimefuta seva yetu ya msimbo kwa herufi moja. Nisaidieni kuijenga upya kwa Docker

Kijana_wa_Sakina (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nimekuja na swali na aibu kwa pamoja.

Tuko watano, tumepanga chumba juu ya duka la vifaa vya ujenzi hapa Sakina, Arusha. Tunatengeneza mifumo, mmoja wa kampuni ya utalii na mwingine wa SACCOS. Mwaka jana tuliamua kuwa na seva yetu wenyewe ya Git, mfumo unaotunza historia ya msimbo, maana bando lilikuwa linatumaliza. Asubuhi kila mtu anavuta msimbo kutoka kwenye seva, jioni kila mtu anasukuma kazi yake, na repo (hifadhi ya mradi) ya utalii imejaa mapicha ya tembo yaliyo mazito kuliko msimbo wenyewe. Tukanunua kompyuta ya mtumba, zile ndogo za maofisini zinazofungwa nyuma ya skrini, RAM GB 8. Tukaweka Ubuntu na Docker, inayoendesha programu ndani ya makontena, nikanakili faili la compose (orodha ya makontena ya kuwashwa) kutoka mtandaoni lenye Gitea, programu ya seva ya Git, na hifadhidata ya PostgreSQL. Baada ya dakika ishirini kitu kinapumua, na mimi nikajiona mhandisi.

Jana poti (mlango wa mtandao wa programu) iligongana na kitu kingine nilichokuwa najaribu. Nikasema ngoja nisafishe nianze upya. Nikaandika:

```
docker compose down -v
```

Hiyo v nilidhani ni ya kuomba maelezo marefu, kama kwenye amri nyingine nyingi. Ikajibu mistari michache, na mmoja ulitaja volyumu, sehemu Docker inakoweka data, ukamalizia na neno Removed. Nilipowasha tena nikaletewa ukurasa wa usakinishaji, ule wa mwanzo kabisa unaokuuliza hifadhidata unataka ya aina gani. Repo 14 zimekwenda. Bekapu ilikuwa "tutaweka wiki ijayo" tangu Novemba.

Kuna namna ya kurudisha? Na nyie mnajengaje ili mtu asilale usiku anahesabu boriti?

---

Bwana_Kebo

Pole sana chalii yangu. Volyumu zilikuwa ndani ya /var/lib/docker/volumes, na ulichofanya ni sawa na kupiga rm, amri ya kufuta. Unaweza kuzima mashine ukajaribu programu za kufufua faili, lakini kama diski ni SSD yenye TRIM, inayosafisha nafasi za faili zilizofutwa, usijipe matumaini.

---

Baridi_ya_Tengeru

Natia nanga hapa. Na mimi nina faili la kunakili la namna hiyo hiyo.

---

Mama_Terminali

Mwanangu, kwanza kaa chini unywe maji. Hujapoteza msimbo, au hujaupoteza wote.

Git haifanyi kazi kama folda iliyoshirikiwa. Linus Torvalds alipoiandika mwaka 2005 alitaka kila mtu awe na historia nzima mkononi, si kipande chake tu. Kila laptopu iliyowahi kukloni (kunakili) repo ina komiti zote, yaani mabadiliko yote yaliyohifadhiwa, hadi siku ya mwisho ilipovuta. Kwa hiyo mna seva tano ndogo hapo ofisini, ila hamjui.

Sasa sikiliza, hapa ndipo watu wanajiua mara ya pili. Waambie wenzako wasifute kitu chochote, na mtu yeyote ASIANDIKE `git fetch --prune` akiwa ameelekeza kwenye seva mpya iliyo tupu. Amri hiyo italinganisha matawi (mikondo ya kazi ndani ya repo) na seva, itaona seva haina kitu, itafuta kumbukumbu za matawi yote yanayoanza na origin/, yaani nakala za yaliyokuwa kwenye seva. Huko ndiko kazi ya yule ambaye leo hayupo ilikojificha.

Kila mmoja afungue folda yake aandike `git branch -a`, aorodheshe matawi. Mwenye kitu kipya kuliko wenzake ndiye atakayesukuma.

Ambacho hutakipata ni tiketi (kazi na matatizo mliyoorodhesha), maoni chini ya tiketi, majadiliano ya kuunganisha matawi, akaunti za watu na funguo zao. Hivyo havikai ndani ya Git, vilikuwa kwenye PostgreSQL.

---

Kijana_wa_Sakina

Shikamoo mama, na ahsante. Jana nilikuwa siwezi hata kula.

Ripoti ya leo: repo 13 kati ya 14 tumezipata. Ya 14 ilikuwa ya dogo aliyekuja field, alimaliza mwezi uliopita na laptopu ameshaifomati. Hiyo tumeizika.

Kinachouma zaidi ni tiketi 63. Kuna moja, mhasibu wa SACCOS alitueleza kwa simu jinsi wanavyokokotoa riba inayopungua mtu akilipa kabla ya tarehe, na lini senti zinapandishwa na lini zinaachwa. Niliandika yote mle kwenye tiketi huku ananisomea taratibu. Sikuandika popote pengine. Sasa nimpigie tena yule mama nimwambie nini?

---

Mama_Terminali

Marahaba. Mpigie mwambie ukweli, wahasibu wanajua maana ya daftari kupotea.

Umeuliza tunajengaje. Wengi tunafundishwa Docker kwa amri kabla ya kuambiwa kitu chenyewe ni nini. Nenda soko la Kilombero jioni. Mchuuzi akifunga, mzigo anaufunga kwenye magunia anaupeleka stoo, meza inabaki pale pale. Meza ikivunjwa usiku hana habari, kesho ataazima nyingine. Kontena ndiyo meza. Limeundwa ili lifutwe na kutengenezwa jingine kutoka kwenye imeji ile ile, yaani kiolezo chake, hata mara kumi kwa siku. Mzigo ni volyumu. `docker compose down` inaondoa meza tu. Ukiongeza -v umesema na stoo ichomwe.

Sasa kosa lako la kwanza lilikuja kabla ya ile v. Stoo yako ilikuwa mahali usipopaona. Ulitumia volyumu yenye jina, Docker ikaihifadhi inakojua yenyewe. Mimi kwa seva ndogo kama yenu naweka data kwenye folda ya kawaida, kando ya faili la compose, ninayoiona nikiandika ls. Folda iliyounganishwa namna hiyo, down -v haiigusi.

---

Pasua_Kwetu

Samahani wakuu, naomba kuuliza kwa nia njema. Kwa nini mnajitesa? GitHub, ile huduma ya mtandaoni ya kuhifadhi msimbo, tangu Aprili 2020 akaunti ya bure inakupa repo za siri na washirika bila kikomo. Mimi niko Moshi, natumia hiyo, nalala vizuri.

---

Kijana_wa_Sakina

Mkuu swali lako ni halali, na hata wenzangu waliniuliza jana kwa sauti kubwa zaidi. Kwanza ni hilo bando. Repo ya utalii ina zaidi ya GB moja, mtu akikloni kupitia swichi ya hapa ofisini anamaliza kabla chai haijapoa. Pili, mkataba wa SACCOS unasema msimbo wao ukae kwenye vifaa tunavyovimiliki. Tatu, intaneti ikikatika, na masika haya inakatika, sisi tunaendelea kusukumiana kazi kama kawaida.

---

Mama_Terminali

Sababu zote tatu zinasimama. Ungekuja na moja tu ya "ni bure" ningekurudisha GitHub mwenyewe. Kulea seva kunakula Jumamosi zako, na hizo hazina risiti.

---

Mzee_wa_Mirija

Wekeni GitLab mmalize. Ina kila kitu.

---

Bwana_Kebo

Hicho "kila kitu" ndicho tatizo, mzee wangu. Kontena moja la GitLab limebeba PostgreSQL, Redis, Puma, Sidekiq, Gitaly na Prometheus juu. Nililiweka kwenye mashine ya GB 4, likawa linahema kama gari bovu linapanda Marangu. Kampuni ya watu themanini, sawa. Watu watano wa Sakina, hapana. Gitea ni programu moja iliyoandikwa kwa lugha ya Go, inakimbia hata kwenye Raspberry Pi, kompyuta ya ukubwa wa kiganja. Ila Raspberry usiweke data kwenye kadi ya kumbukumbu. Yangu ilikufa ndani ya mwaka.

---

Baridi_ya_Tengeru

Gitea au Forgejo? Nimeona watu wanabishana.

---

Mama_Terminali

Ni ndugu. Gogs, programu ya aina hiyo hiyo, ilizaa Gitea mwaka 2016. Mwaka 2022 jina na tovuti ya Gitea vikahamia kwenye kampuni ya biashara, baadhi ya wachangiaji hawakupenda, wakatoka na Forgejo chini ya Codeberg, chama kisicho cha faida cha Ujerumani. Kwa muda zilifanana karibu kila kitu, tangu 2024 kila moja inakwenda njia yake. Kwa matumizi yenu yoyote itatosha. Mimi niko Forgejo. Jina lenyewe ni Kiesperanto, maana yake kiwanda cha mhunzi, na mimi kwetu ni Mamba, Kilimanjaro, kwa wahunzi, sikuweza kukataa.

Faili langu hili hapa, nimepunguza yasiyowahusu:

```
services:
  forgejo:
    image: codeberg.org/forgejo/forgejo:11
    restart: unless-stopped
    environment:
      - USER_UID=1000
      - USER_GID=1000
      - FORGEJO__server__ROOT_URL=http://msimbo.lan:3000/
      - FORGEJO__server__SSH_DOMAIN=msimbo.lan
      - FORGEJO__server__SSH_PORT=2222
      - FORGEJO__service__DISABLE_REGISTRATION=true
    volumes:
      - ./data:/data
      - /etc/localtime:/etc/localtime:ro
    ports:
      - "3000:3000"
      - "2222:22"
```

Angalia mambo machache. PostgreSQL haipo. Watu watano, SQLite, hifadhidata isiyohitaji seva yake, inatosha na kubaki, na hifadhidata nzima inakuwa faili moja ndani ya data/gitea. Poti 22 ya kontena nimeitoa nje kama 2222 kwa sababu 22 ya mashine yenyewe inatumika na SSH, njia yako ya kuingia kwenye mashine ukiwa mbali. Usipoiambia Forgejo kuhusu hiyo 2222, itawaonyesha watu anwani ya kukloni isiyofanya kazi, na mtamaliza mchana mzima mkilaumu funguo. Hiyo 11 mwishoni mwa imeji isome vizuri, ni namba ya toleo. Usiweke `latest`, yaani toleo lolote jipya kabisa.

Usajili nimeufunga tangu mwanzo. Kwa hiyo pale kwenye ukurasa wa usakinishaji jaza akaunti ya msimamizi hapo hapo chini, usiruke.

---

Bwana_Kebo

Nasisitiza la `latest`. Mimi nilikuwa na PostgreSQL ya namna hiyo. Siku moja nikavuta imeji mpya, ikatoka 15 ikaja 16, ikakataa kuwaka kwa sababu faili za toleo kubwa moja hazisomwi na jingine. Data ilikuwepo, ila ilibidi nirudishe imeji ya zamani, nitoe kila kitu kwa pg_dump, ndiyo niingize kwenye mpya. Usiku mzima.

Na wenye seva za kukodi zenye IP ya umma: Docker ikifungua poti inaandika sheria zake yenyewe kwenye iptables, ukuta wa moto wa Linux, inaruka UFW unayoitumia kuusimamia. Unaweza kuwa umeifunga 3000 kwenye UFW na dunia nzima inaiona. Andika `127.0.0.1:3000:3000`, kisha weka Caddy mbele, seva ya wavuti itakayojiletea cheti cha HTTPS cha Let's Encrypt yenyewe. Niliwahi kuacha usajili wazi kwenye seva ya hivyo, wiki mbili baadaye nina watumiaji mia kadhaa wanaouza dawa za kuongeza nywele.

---

Kijana_wa_Sakina

Imewaka. Tumesukuma repo zote 13.

Maswali mawili. Laptopu zote zinapiga kelele kwa herufi kubwa kwamba utambulisho wa seva umebadilika, labda kuna mtu katikati anatusikiliza. Na leo umeme uliporudi rauta ikaipa seva IP (anwani ya mtandao) nyingine, kila mtu akasema seva imekufa tena. Walinitazama vibaya sana.

---

Mama_Terminali

La kwanza, SSH ni mkali lakini ana haki. Ulipofuta volyumu ulifuta na funguo za seva, zilikuwa ndani ya /data/ssh. Kontena jipya limejitengenezea nyingine. Kila mmoja afute kumbukumbu ya zamani kwa `ssh-keygen -R "[192.168.1.50]:2222"`, aweke anwani yenu badala ya hiyo. Fanyeni hivyo leo tu kwa kuwa mnajua sababu. Siku kelele hizo zikija bila sababu, acheni kazi mtafute.

La pili, ingia kwenye rauta uifungie seva IP moja kwa kutumia namba ya MAC, utambulisho wa kadi yake ya mtandao. Kisha kwenye kila laptopu, ndani ya faili la hosts, linalounganisha majina na IP, andika IP hiyo na jina msimbo.lan. Anwani za repo zitumie jina. Kesho mkibadili rauta, mnabadili mstari mmoja.

---

Kijana_wa_Sakina

Tayari. Na bekapu nimeandika hii, inakimbia saa nane usiku kwenda kwenye diski ya nje:

```
cd /srv/forgejo
docker compose stop
rsync -a --delete data/ /mnt/bekapu/forgejo/
docker compose start
```

Naomba mnikosoe.

---

Bwana_Kebo

Umeomba mwenyewe. Kuisimamisha kwanza umefanya vizuri, SQLite haitanakiliwa katikati ya sentensi. Ila hiyo `--delete`: siku data ikifutika mchana, saa nane usiku unaenda kuifuta na kwenye bekapu kwa uaminifu kabisa. Hiyo ni kioo, si bekapu.

Jingine baya zaidi. Umeme ukikatika na diski ya nje isipojiunganisha tena, /mnt/bekapu inabaki folda tupu ya kawaida kwenye diski ile ile ya seva. Script itanakili humo miezi sita na kila siku itasema imefanikiwa. Anza na mstari huu:

```
mountpoint -q /mnt/bekapu || exit 1
```

Kisha tengeneza tar (faili moja lililofunga zote) yenye tarehe, weka za siku kumi na nne. Faili zenu ni ndogo.

---

Pasua_Kwetu

Diski ikiwa juu ya meza moja na seva, mwizi akija anabeba vyote.

---

Kijana_wa_Sakina

Hilo nimelifikiria. Dada yangu anakaa Moshi, huko huko Pasua kwenu. Nina diski mbili, zinapishana. Ijumaa nikienda kumsalimia nabeba moja kwenye begi, narudi na nyingine. Kosta ya jioni, bekapu inapita Usa River na Boma Ng'ombe kama abiria mwingine.

Nilitaka kuzituma kwa mtandao lakini sina IP ya umma.

---

Bwana_Kebo

Begi ni sawa, usione haya. Ukitaka kuhakikisha kuhusu IP, angalia anwani ambayo rauta imepewa upande wa nje. Ikianza na 10, au iko kati ya 100.64 na 100.127, basi unashiriki IP moja na wateja wengi, na kufungua poti kwenye rauta hakutasaidia kitu. Tumia Tailscale, inayounganisha vifaa kwa mtandao wa siri, au kodi seva ndogo nje upige WireGuard, handaki la siri, pande zote mbili. Wenzako wakiwa nyumbani watasukuma kwa njia hiyo, bila kuiweka Forgejo hadharani.

---

Mama_Terminali

Nina swali moja tu kwako, Sakina. Umeshajaribu kurudisha?

---

Kijana_wa_Sakina (wiki tatu baadaye)

Nimerudi. Mama aliniuliza swali nikalikimbia, leo nina jibu.

Jumamosi nilikuwa kwa dada. Kulikuwa na kompyuta ya zamani ya shemeji, nikaweka Ubuntu na Docker, nikachomeka diski. Jaribio la kwanza lilishindikana. Ukurasa unafunguka, tiketi zipo, lakini SSH imegoma kabisa. Nikahangaika hadi dada akaniletea chakula pale pale mezani. Kumbe diski hiyo ilikuwa na bekapu ya zile siku za kwanza, ya rsync, na diski yenyewe imefomatiwa kwa exFAT, mfumo wa faili ambao hauhifadhi mmiliki wa faili wala ruhusa zake. Faili za funguo zilirudi zikiwa wazi kwa kila mtu, na SSH haikubali kutumia faili za funguo zilizoachwa wazi hivyo. Ingekuwa siku ya msiba kweli, ningejulia hapo.

Nikachukua tar ya juzi, iliyotengenezwa na root, msimamizi mkuu wa mashine. Tar inabeba umiliki na ruhusa ndani yake, haijali diski ni ya aina gani. Nikaifungua kwa sudo, `docker compose up -d`, nikabadili mstari mmoja wa hosts kwenye laptopu yangu ili msimbo.lan iwe ile mashine ya Pasua. Nikaandika git push.

Ikapokea. Haikuuliza utambulisho wala kupiga kelele, maana funguo ni zile zile. Kwa laptopu yangu hiyo ndiyo seva ya Sakina, wakati ya Sakina iko inawaka zake kilomita themanini kutoka pale.

Tiketi namba 1 ya seva mpya ni "Kumpigia mhasibu kuhusu riba". Nilimpigia. Alicheka sana, kisha akanisomea yote upya, na safari hii akakumbuka jambo ambalo mara ya kwanza hakulisema, kuhusu wanaolipa Jumapili. Tungelikosea. Limo kwenye maoni ya tiketi, nimelisoma nikiwa Moshi.

---

Mama_Terminali

Sasa umejenga. Rudia kila miezi mitatu, na usiwe wewe peke yako unayejua kufanya.

---

Mzee_wa_Mirija

Hiyo kompyuta ya mtumba mlichukua kwa bei gani?

---

Kijana_wa_Sakina

Laki mbili na themanini, mzee. Chaja nikanunua kivyake.

---

Baridi_ya_Tengeru

Na mimi nimehamisha yangu leo kwenda kwenye folda ya kawaida. Ilibidi nishushe makontena ya zamani. Kabla sijabonyeza, nilimwita mke wangu aje aisome ile amri kwa sauti, herufi kwa herufi.